Si "Gari Hii", ni "Gari Hili"

Jumatatu, tarehe 4 Mei

Shajara yangu, uniwie radhi. Nimekutupa mkono tangu siku niliyostaafu kufundisha sarufi. Si kwamba nilikosa la kuandika. Nilikosa la kusahihisha, nikanywea. Leo nimefufuka. Nanunua gari la michezo!

Lililotumika, ndiyo. Lakini la kukaa nalo hadi nitakaponyang'anywa leseni kwa uzee. La chini, bapa, lenye milango miwili na mngurumo wa simba mwenye mafua. Na sababu ni ya heshima. Ijumaa ya wiki ijayo mke wangu anamaliza kazi yake ya ukunga, nami nimemwahidi kumpokea langoni mwa hospitali kwa gari hilo, wauguzi wote wakitazama. Alicheka. Kisha akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu watoto wahame. Sharti lake ni moja: aingie na atoke kama mtu mzima. Nimeapa.

Kaka yake alikuwepo. Anauza magodoro, nasi humwita Godoro, wala si kwa ajili ya biashara peke yake. Alisema nisijisumbue, shem, nikikwama "gari yangu ipo". Nikamwambia gari lake. Akasema ndiyo, gari yake.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Nimempigia dalali. Nimemweleza kwa ufasaha kwamba natafuta gari la michezo. Akauliza michezo gani. Nikamwambia asinitanie. Akasema hatanii, mzee wangu, anataka tu kujua wachezaji ni wangapi. Nikadhani ndiyo lugha ya kazi yao. Nikajibu: wawili, mimi na mama.

Akanipeleka nyuma ya uwanja kuangalia basi dogo la timu ya mpira! Harufu ya soksi. Chini ya kiti, kiatu cha golikipa, cha kushoto. Dalali akalipigapiga ubavuni, akasema hii imezoea ushindi. Ikabidi nieleze haja yangu kwa mikono, na kwa sauti ya injini niliyoitoa kooni. Akajipiga paja. Kumbe spoti! Si ungesema spoti, mzee!

Sitasema spoti. Kuna mipaka.

Alhamisi, tarehe 7 Mei

Siku ya furaha! Nimeona mawili.

La kwanza jekundu, la daktari wa meno. Limesimama nje ya kliniki yake likimetameta kana kwamba limelambwa. Ukiligusa tu, linawaka. Kiti kilinikumbatia. Milango inafunguka kama kurasa. Hata mkoba wa mama una mahali pake. Moyo ulidunda! Kisha nikasoma karatasi kwenye kioo: GARI INAUZWA. IKO SAWA SAWA. Nikashuka. Mtu aliyeishi na kitu miaka yote hiyo asijue ngeli yake, oili yake ataijuaje?

La pili la kijani, la karani mstaafu wa mahakama. Limo bandani nyuma ya nyumba yake, chini ya turubai, na kuku wamelala juu. Lakini tangazo! Hati ya mkono, herufi zenye mikia: "Gari hili, ambalo limetunzwa kwa uangalifu mkubwa, wala halijapata kugongwa na yeyote, linauzwa." Ambalo! Wala! Mikato mahali pake! Nililisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Karani alivua kofia. Injini sikuiomba niisikie. Ungekuwa utovu wa adabu.

Jumamosi, tarehe 9 Mei

Mke wangu amepita kwa daktari wa meno baada ya zamu. Ameketi katika lile jekundu, ametoka mwenyewe bila kushikwa mkono, amelipenda. Ameniambia nisimzungushe: ni hilo.

Nikapata mpango. Mpango mwepesi, safi! Tangazo likisahihishwa, dhamiri yangu itatulia, nami nitalinunua. Mchana nikaenda na kalamu yangu nene nyekundu, kliniki ikiwa imefungwa. Kumbe karatasi imebandikwa kwa ndani. Si kitu. Nikaandika juu ya kioo. INA nikaikata, LINA. IKO nikaikata, LIKO. Kisha mkono, kwa mazoea yake, ukaongeza chini: Rudia kazi.

Kliniki haikuwa imefungwa.

Daktari alisema kazi yake ni kuwaambia watu wafungue midomo, lakini mimi angeniomba niufunge. Alikuwa akisugua kioo wakati huo. Wino ule haufutiki. Niliuchagua kwa sababu hiyo. Alisema haniuzii gari lake hata nikija na meno yangu yote mkononi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Alipiga mswaki kwa muda mrefu sana, akinitazama kwenye kioo.

Jumatano, tarehe 13 Mei

Hakuna kilichoharibika! Karani ameniazima la kijani hadi Jumamosi, ili nilijaribu kabla ya kununua. Muungwana. Tulizungumza alasiri nzima juu ya -po- ya mahali na -po- ya wakati, hata ufunguo tukausahau. Jioni akauzungusha. Likakohoa, likakohoa tena, likanguruma! Kuku waliruka hadi kwa jirani.

Karani alinitahadharisha kwamba mlango wa abiria husita kidogo. Husita! Hu- ya mazoea, inavyotakiwa. Labda ningemuuliza husita kufanya nini. Lakini nani hukatiza sentensi kama ile?

Ijumaa, tarehe 15 Mei

Nilifika langoni! Liandikwe hilo kwanza. Nilifika nikinguruma, tai shingoni, na wauguzi wakapiga vigelegele. Mke wangu akatoka na maua, uso umemeremeta kama wa bibi harusi. Mlango ukafunguka. Akaingia. Mlango ukajifunga kwa kishindo.

Kisha injini ikazimika, na ndipo nikaelewa mlango husita kufanya nini: kufunguka tena, iwe kwa ndani au kwa nje. Wangu pia husita. Vioo navyo havishuki.

Wodi nzima ya uzazi ilimwagika nje. Muuguzi mkuu akatoa amri kupitia kioo: mama, pumua, usisukume bado. Wengine wakaingia kwa nyuma kupitia buti, wakakunja viti, wakamvuta mwenzao taratibu. Ametanguliza miguu, akatangaza mmoja, lakini yupo salama! Makofi. Mimi nilitoka baadaye, peke yangu, na yule yule akauliza hili kondo la nyuma liwekwe wapi. Nikiri: ngeli aliipatia.

Godoro alikuwa ameegesha gari lake la magodoro ng'ambo ya barabara, akila miwa kama mtu asiye na haraka. Shem, gari yangu ipo. Mke wangu alipandishwa juu ya magodoro pamoja na maua yake, akicheka hadi machozi, akipungia watu njia nzima. Mimi nilipewa nafasi mkiani.

Nyumbani alivua viatu akavirudisha kwenye boksi. Alisema, bila kunitazama, kwamba vilikuwa vipya. Alivinunua kwa ajili ya safari ile.

Sikupata la kusahihisha.

Jumamosi, tarehe 16 Mei

Makubwa! Jekundu liko mlangoni petu!

Mke wangu alikwenda asubuhi kwa daktari wa meno. Alisema gari hii naitaka. Daktari akasema ni yako, mama, maana pacha wake wote wawili alizalishiwa na huyu huyu mke wangu. Ameshika usukani, amevaa vile viatu. Kioo bado kimeandikwa Rudia kazi. Anasema inampendeza.

Kiti cha pili ni changu, amesema, hadi tutakapozikwa. Sharti ni moja. Nisimame mlangoni, mbele ya Godoro, niseme mara moja tu: gari hii ni nzuri. Basi.

Nimejaribu bafuni. Gari h... Ulimi umekauka. Gari hi... Nikapiga chafya.

Na sasa hivi karani amepiga simu kuomba radhi. Ndugu yake ana la manjano. Ameniapia kwamba mlango wake haujapata kusita, wala hautasita asilani. Asilani! Nani bado hulitumia neno hilo? Mtu kama huyo hawezi kukuuzia gari bovu.

Nje, honi. Mke wangu ameita kwamba anazunguka mtaa mara moja. Akirudi anikute mlangoni na sentensi yangu, la sivyo anakwenda zake. Godoro amepiga kelele, sema tu shem, haiumi.

Namsikia. Mngurumo ule! Unakata kona. Umekaribia. Umefika mlangoni. Umepita.

Vyema. Nimepata nafasi ya kufikiri. Nikishaamua, shajara yangu, nitakuandikia.