Kitako cha Jagi

Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Darasa la sayansi limeanza, katika shule moja hapa mtaa wa Al-Suwaidi. Sote ni Wakenya, walinzi na madereva tulioacha sekondari njiani. Mwalimu Lorine anafundisha vipimo: mita, lita, gramu. Ametangaza kwamba Bwana Solomon, msimamizi wa ghala karibu na Bandari ya Jeddah, atakuja baada ya wiki mbili kumchagua mmoja wetu awe mpimaji. Mmoja! Lazima niwe mimi. Fridah yuko huko Jeddah, mbali na hapa, analea watoto wa madam wake, na amesema uchumba wa simu umemchosha. Nikiikosa kazi hii, naogopa nitamkosa na yeye.

Kikwazo ni Jackton, dereva. Anakaa mbele na kuitikia kila kitu kwa kichwa. Mtu anayekubali vipimo upesi hivyo ana lake jambo.

Mwalimu alisema maji kwenye jagi yasomwe pale katikati yanapobonyea, si pembeni yanapopanda. Nikauliza hayo ya pembeni ni ya nani. Mwalimu akaendelea na somo! Basi nikalipindua jagi. Kitako kimeingia ndani! Mimi nimekulia karibu na soko la Kitale. Najua wachuuzi wanavyogonga kwa nyundo kitako cha gorogoro, kopo la kupimia nafaka, ukinunua mahindi unalipia hewa. Mama hakupimiwa kitu kabla ya kupindua kopo. Jackton akacheka. Anayecheka anajua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimezunguka maduka ya vyombo nikipindua majagi. Yote yamebonyea! Mji mzima! Muuza duka mmoja akaniambia halas, imetosha, ninunue au nitoke. Nikanunua moja, kama ushahidi.

Fridah ametuma kipimo cha kidole chake kwa ajili ya pete. Amezungusha uzi, akaulaza kwenye rula: milimita hamsini na mbili. Rula ya nani, sikuambiwa. Nimemwambia sonara sitini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango umekamilika. Nimeazima rangi ya kucha kwa Maryann, yaya wa ghorofa ya tatu kwenye jengo ninalolinda, nikachora mstari wangu kwenye jagi langu, juu kidogo ya ule wa nusu lita. Hiyo ni fidia ya kitako. Jackton atumie la shule, apunjike vizuri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sitaki kuandika.

Naandika. Bwana Solomon alitutaka tupime nusu lita ya maji. Ya Jackton yakawekwa kwenye mizani: nusu kilo kamili. Yangu yakapita. Akaniuliza kwa upole mbona nimezidisha. Nikamweleza habari za kitako. Akasema kiwandani mistari huchorwa kitako kikiwa tayari kimebonyea, kwa hiyo hesabu yake imeshatolewa. Maneno matamu. Nikamwomba aipindue mizani nayo tuione chini. Mwalimu Lorine akafunika uso.

Jackton anakwenda Jeddah. Nimelia kwenye kibanda changu cha ulinzi. Jioni akaja mwenyewe, na soda mbili, akajitolea kumpelekea Fridah pete. Wema gani huo? Nikampa, kwa kuwa sina mtu mwingine. Kisanduku nilikigandisha kwa gundi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Fridah amepiga simu. Kwanza alihangaika na kisu kufungua kisanduku. Pete ikamchopoka kidoleni ikaangukia kwenye maji ya vyombo, na sasa anaivaa kwenye kidole gumba. Alicheka. Akasema kazi ya ghala haikumsumbua, angenisubiri hata nikiwa mlinzi. Kinachomsumbua ni kwamba alinipa neno moja rahisi nami sikuliamini. Pete ya pili isipomkaa, nisimpigie tena.

Akaongeza kwamba Jackton amempima upya kwa rula ya ghala. Hamsini na mbili vilevile.

Vilevile! Watu wawili, mji mmoja, jibu moja. Wamepatana.

Hata hivyo nampenda Fridah, na safari hii sifanyi mchezo. Nimekwenda moja kwa moja kwa sonara. Nimeagiza sitini na nne, asije akapunjwa.