Vyumba Viwili vya Mbele

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua kuwa mwekezaji. Hadi juzi nilikuwa mtu mwenye vyumba viwili vya kupangisha tu, nilivyoachiwa na marehemu baba, mbele ya nyumba tunayoishi. Tofauti ni kubwa! Mtu wa vyumba hupokea kodi akanyamaza. Mwekezaji ana mikakati.

Haya nimeyapata jana kwenye semina ya bure ya wenye nyumba wadogo. Mtoa mada alisema tuanze na paa, mabomba na nyaya za umeme, halafu ndiyo tufikirie urembo. Hapo kwenye paa nilisinzia kidogo. Nilipozinduka alikuwa ameshafika kwenye urembo. Urembo nimeushika wote.

Chumba cha kwanza anakaa Mama Cherehani, mshonaji, mwaka wa tisa sasa. Hana makelele ila ya mashine yake. Cha pili kitupu. Ng'ambo ya barabara shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana vyumba vinne na vyote vimejaa. Sijui anawalisha nini wapangaji wake. Nyumba yenyewe haina hata rangi ya maana.

Jumatano, 5 Machi

Nimepaka ukuta wa mbele rangi ya chungwa. Peke yangu! Nyumba inaonekana toka kona ya duka la dawa.

Nikiwa juu ya stuli, Mama Cherehani alinijia na kusema paa linavuja juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Nikamwambia limo kwenye mpango. Akasema hata mwaka jana lilikuwamo kwenye mpango. Nikamfahamisha kwamba ule ulikuwa mpango wa zamani.

Mke wangu naye akadai pesa ya rangi ingetosha kununua mabati. Tatizo la mke wangu haoni mbali. Anaona juu tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Ukuta umetoka malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji. Mengine yamepasuka, na chini yake kunaonekana rangi ya baba, ya kijani, imeshika vilevile.

Shemeji alisimama getini kwake akaniuliza kama hii ndiyo mitindo ya siku hizi. Nikasema ndiyo. Akasema imependeza. Akaingia ndani kucheka. Nilimsikia.

Jumanne, 11 Machi

Ushindi! Mpangaji amepatikana. Suti, tai nyekundu, viatu unavyoweza kujitazamia na kuchana nywele. Namwita Bwana Tai. Mke wangu alinivuta pembeni, akasema nimuulize alikuwa akipanga wapi, na nimpigie mwenye nyumba wake wa zamani. Nikamwambia viatu vile ni barua ya utambulisho tosha.

Bwana Tai alisaini mkataba bila kuusoma. Hata mimi sikuwa nimeusoma, kwa hiyo tulielewana vizuri. Kisha akauliza kama majirani wote wameridhika na vyumba vyao. Mtu anayejali wenzake!

Ijumaa, 14 Machi

Watu wanaingia na kutoka kwa Bwana Tai tangu asubuhi. Nilidhani ni ndugu zake. Kumbe dalali! Anapokea watafuta vyumba chini ya kibaraza changu, kisha anawapeleka kwenye nyumba za watu wengine.

Nilimfuata nikamuuliza kwa ukali kwa nini hawaleti kwangu. Akajibu kwa upole kwamba kwangu hakuna nafasi, maana chumba kilichokuwa wazi amekichukua yeye. Nilirudi ndani kutafuta jibu. Bado natafuta.

Jumapili, 16 Machi

Mama Cherehani amehama.

Mvua ya jana iliingia juu ya meza yake na kulowesha gauni la bibi harusi. Mpangaji mmoja wa shemeji alikuwa amehamishwa kikazi, na Bwana Tai hakulaza damu. Leo mchana vitu vimevuka barabara.

“Baba mwenye nyumba, sihami kwa hasira,” aliniambia, akikunja vitambaa. “Lakini gauni la watu limelowa. Wateja wakikosa imani na mimi, nitaishi kwa kushona nini?”

Nikashika upande mmoja wa cherehani, yeye akashika mwingine. Katikati ya barabara alinikumbusha nikunje magoti, nisije nikaumia mgongo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Nimechelewa kazini siku mbili mfululizo. Sikujua kwamba ni mashine ile iliyokuwa ikiniamsha. Mke wangu naye ananisemesha kwa mkato: chakula hiki, maji yale. Nimeingia chumba cha Mama Cherehani kuchukua ufagio, nikakuta vipande vya uzi sakafuni. Sikuvifagia.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu amemleta fundi wa paa bila kuniuliza, kwa akiba yake ya kikundi. Mabati mapya, mbao mpya, kazi safi. Mimi nilishika ngazi. Niliishika vizuri sana.

Jioni nilivuka barabara kumpa Mama Cherehani habari. Akauliza nani ametengeneza. Nikasema sisi. Akanitazama bila kupepesa. Nikasema mke wangu. Akasema basi atarudi, maana kwa shemeji mtu hawezi kutia uzi kwenye sindano bila kuwasha taa. Nusura nimkumbatie.

Jumamosi, 22 Machi

Amerudi! Tumebeba cherehani tena, magoti nimekunja. Asubuhi yote inatetema ukutani, raha tupu. Mke wangu amecheka mara mbili.

Sasa, mwekezaji halali usingizi. Mama Cherehani mwenyewe amesema anapenda mwanga. Je, akipata mwanga kutoka juu, moja kwa moja mezani? Bwana Tai ana kipande cha bati la plastiki linalopitisha jua, ameniuzia kwa bei ya kirafiki. Kazi ni kukata tundu dogo tu kwenye bati jipya, juu ya meza ya kukatia. Kesho Mama Cherehani na mke wangu wanakwenda sokoni. Wakirudi, mshangao!

Msumeno wa chuma nimeuazima kwa shemeji. Alipojua ni wa nini, alinipa upesi kuliko nilivyotarajia, akaongeza na patasi. Halafu akamwita Bwana Tai na kumwambia asihangaike kumtafutia mpangaji kwa sasa, kile chumba alichotoka Mama Cherehani kikae wazi kwanza.

Maskini shemeji. Biashara hii haijui kabisa.