Neno la Siri la Wifi

Jumatatu, 4 Mei
Siku ya sita bila simu. Mafuriko yaliangusha mnara, yakabeba na daraja. Binti yangu yuko ng'ambo ya mto, mimba ya miezi tisa, na sijui kama amejifungua au la. Nimesali mpaka magoti yamechubuka. Leo watu wa misaada wamefika! Wamefunga ungo mkubwa juu ya paa la ukumbi ili madaktari na waendesha boti wawasiliane. Wakataka mpishi. Nikavaa gauni la ibada, nikawahi. Wakamchukua wifi yangu! Dada wa mume wangu, ambaye wali wake hushikana kama saruji. Mimi nimepewa ufagio.

Jumanne, 5 Mei
Bango mlangoni mwa ukumbi: WIFI NI YA WATOA MISAADA TU. Lo! Siku moja tu, keshakuwa wa kwao! Na chini, kwa herufi ndogo: Neno la siri, muone fundi. Wana siri! Nikamweleza mume wangu. Akasema nimwache dada yake apumue. Ukoo mzima ndivyo walivyo.

Jumatano, 6 Mei
Nafagia, nikamsikia fundi akimlalamikia nesi kwamba wifi ya hapa nzito mno, ikizidiwa inakwama. Mungu nisamehe, nilicheka mpaka nikaegemea ufagio. Hata wageni wameona! Halafu, chini ya kikombe cha fundi, kikaratasi: Wifi: UjiMtamu7. Kicheko kikakatika. Uji mtamu? Ule wenye madonge? Na saba ni nini, vikombe? Nimekichukua. Si wizi, ni ushahidi.

Alhamisi, 7 Mei
Saa ya uji, foleni imejaa. Nikapanda juu ya benchi, nikatangaza: leo mtalijua neno la siri la wifi! Nikalisoma herufi kwa herufi, pamoja na ile saba. Nikangoja aibu imshukie. Badala yake watu wote wakachomoa simu! Wakanishangilia! Fundi akatoka mbio kashika kichwa: mama, umeniua, ujumbe wa dawa umekwama! (Ulipita baada ya robo saa, ashukuriwe Mungu.) Hapo simu ya mume wangu ikalia. Picha. Mtoto wa kike, kilo tatu na nusu! Kumbe ng'ambo nako wamefungiwa ungo, na binti alituma tangu juzi. Wifi akatupa mwiko, tukakumbatiana, tukapiga vigelegele mpaka uji ukaungua.

Ijumaa, 8 Mei
Fundi amebadilisha neno la siri, ila ametenga saa moja kila siku kwa wenye ndugu ng'ambo. Mimi kanikalisha chini. Wifi ile si mtu, kasema, ni mtandao wa hewani. Nimeelewa vizuri sana. Nimemwomba radhi wifi, nikamwomba na Mungu. Saa yetu ilipofika, binti akaandika kwamba mtoto kampa jina la shangazi yake. Na shangazi yake ni nani? Wifi! Mtandao jina lake, mjukuu jina lake! Nasikia mtambo wa pili unafungwa Jumatatu. Nimeshampelekea fundi chupa ya chai na kumwambia mapema: huo utaitwa Bibi.