Likizo Yangu ya Ndau

Jumatatu, 1 Agosti 1966. Faza.
Barua ya Nerea imefika. Fupi mno. Baba yake amechoka na mchumba wa kwenye karatasi. Nisipofika Bungoma kabla ya mwezi kwisha, posa yangu itarudishwa, na kuna bwana mmoja mwenye duka la baiskeli yuko tayari. Sijapata kuogopa hivi tangu mtihani wa ukarani.

Tatizo ni karani mwenzangu, Wanyama. Makarani hapa tuko wawili, likizo ni moja. Bwana mkubwa wa Lamu ametangaza kuwa atakayefikisha fomu mezani kwake kwanza ndiye atakayekwenda. Mwenzake abaki kulinda mihuri. Wanyama anataka kwenda kumwona mama yake. Mama hana haraka. Mama hatachukuliwa na mtu wa baiskeli.

Mashua ya nahodha Abdulhalim inaondoka Alhamisi, ina nafasi ya abiria mmoja tu. Nimemwambia Wanyama ni Ijumaa. Mimi nitaipandia kijijini Mbwajumali, ambako itapakia nazi, ili asinione na sanduku. Jioni nimekwenda huko kupima maji. Saa kumi na nusu maji yamejaa hadi kwenye mikoko. Nimeandika: saa kumi na nusu. Abdulhalim aliitazama saa yangu, akasema mai hufuata mwezi, hayafuati saa ya mkononi. Watu wa huku wana maneno mengi.

Alhamisi, 4 Agosti.
Nimefika Mbwajumali saa kumi na nusu kamili. Mikoko ipo, maji hayapo. Tope mpaka upeo wa macho. Kwa mbali nikaona tanga. Nikajua ni Abdulhalim, nikaingia topeni na sanduku kichwani. Hatua ishirini, nikazama hadi mapajani. Hapo ndipo maji yakaamua kuja. Yalipofika kiunoni nililiahidi kanisa mambo mengi.

Wenye tanga wakaja, wakanivuta kama muhogo. Hawakuwa Abdulhalim. Viatu vimebaki chini. Sikuuliza wanakwenda wapi. Afisa haulizi ovyo. Chombo kinakwenda, mimi nimo, na Lamu ndipo vyombo vyote vinapokwenda.

Ijumaa, 5 Agosti.
Nimeamka, nikauliza ofisi ya bwana mkubwa iko mtaa gani. Bi Mwanamkisi, mwenye nyumba, akanijibu kwa upole: “Ndia ya Amu si hii, bwana. Hapa ni Ndau.”

Ndau. Kisiwa cha upande mwingine kabisa na Lamu. Wale watu walikuwa wanaleta mchele wa harusi ya binti yake, na hakuna chombo kitakachotoka hadi harusi iishe. Fomu yangu imekuwa uji. Wanyama hana habari, lakini Nerea wangu anakwenda zake kwa baiskeli.

Nimepewa kikoi. Nimekula wali mara tatu, na kamba wakubwa kuliko kidole gumba. Huzuni yangu haikuuzuia wali kupita.

Jumamosi, 6 Agosti.
Imejulikana mimi ni karani. Nimeandika barua saba kabla ya adhuhuri. Bi Mwanamkisi amemwandikia mwanawe aliyeko Mombasa: mimi mzima, mlango umevunjika, dadako ameolewa, njoo. Nilitaka kuongeza kuwa nyumba imepambwa na wageni ni mia tatu. Alikataa. Niandike alivyonena, basi. Hana ufundi wa barua, maskini.

Jumatatu, 8 Agosti. Faza.
Nimerudishwa leo na kapu la samaki wakavu. Mlangoni kwangu ameketi mtu juu ya sanduku. Nerea.

Nililia kidogo, sitaki kuficha. Amesema alichoka kungoja, akaja mwenyewe bila kumuaga baba yake. Kidau kilichomleta kutoka Lamu kiliikuta mashua ya Abdulhalim imekwama mchangani tangu Alhamisi, na maji makubwa ya bamvua yamekwisha, hivyo itangoja hadi mwezi mwandamo. Abiria wake ni Wanyama! Abdulhalim alipakia nazi alfajiri, hakuniona, akamchukua aliyemkuta gati la Faza, akiulizia safari ya Ijumaa. Wanyama ndiye aliyemwelekeza Nerea kwangu, akampa na nazi mbili.

Kwa hiyo ningeiwahi, ningekuwa mchangani. Isingekwama, ningekuwa Bungoma nikimposa msichana aliyeko Faza. Nimemwambia Nerea kuwa nilibaki makusudi, moyo uliniambia anakuja. Akakitazama kikoi, akaitazama miguu yangu mitupu.

Kisha akaingia ndani. Kwenye barua zangu nyumba ina vyumba vinne. Kipo kimoja, namo nalala na majembe ya serikali. Alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Amesema atanitaka hivyo hivyo, kwa sharti moja: nimwandikie baba yake ukweli mtupu. Mzee akikubali, tutaoana. Kwa sasa amelala kwa mwalimu Keziah.

Jumanne, 9 Agosti.
Nimeandika ukweli. Ukurasa mmoja. Unasomeka kama hati ya mashtaka. Nerea ameusoma, machozi yakamlenga, akasema hajapata kunipenda kama leo.

Alipoondoka niliurekebisha. Vyumba vinne vimerudi. Nimekuwa Karani Mkuu, na binti yake nilimtumia boti ya serikali. Nimemkaribisha mzee aje ajionee mwenyewe. Hakuna hatari: mzee huyo hajavuka hata mto Nzoia mahali pasipo na daraja. Barua imeondoka na posta.

Jumamosi, 27 Agosti.
Telegramu. Mzee amekubali. Anakuja na ndugu zake wanne, walale katika vile vyumba. Wamekwisha kufika Mombasa.

Nerea amenikumbatia mbele ya ofisi. Amesema sasa nimeona faida ya kusema kweli. Nimekubali kwamba nimeiona.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Bwana Mselem, mwenye nyumba ya mawe, kumwomba aniazime kwa wiki moja tu. Aliuliza wake zake na watoto kumi na mmoja watakaa wapi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimekwisha kuwapatia nyumba nzuri, hatua chache tu kutoka hapa. Kesho nitaanza kuitafuta.