Mtini wa Nyakato Usiojua Kumaliza Kuzaa

Kwa Bi. Dorotea,
Mwenye kitalu cha miche,
Njia ya Kisesa, Mwanza.

YAH: MTINI ULIONIUZIA NA MADHARA YAKE KWA NDOA, CHOO NA HADHI YANGU

Dada Dorotea,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Yakobo Luhende, mtunza stoo mstaafu, mkazi wa Nyakato, yule mteja aliyekusumbua nusu siku akiuliza habari za mitini. Ulinionyesha aina tatu: mweusi, ambao ulisema hautaki udongo unaotuamisha maji, wa kijani, wenye majani mapana ila huzaa mara moja tu kwa mwaka, na ule wa kahawia unaouita Mturuki, ambao unavumilia joto letu na huzaa mara mbili. Nikachukua Mturuki. Nilichagua kwa tamaa, nakiri. Lakini muuzaji makini angeniuliza kwanza kama nina mama mkwe.

Mti ulipotoa limbuko, mke wangu Wilhelmina alimwalika mama yake, Bibi Evelina wa Misungwi, aje aonje. Mama akaonja, akasema mbele ya mashahidi kwamba atakaa mpaka tini ziishe. Huu ni mwezi wa saba. Wewe ni Msukuma mwenzangu, huhitaji kufundishwa: mimi na mama mkwe hatukai pamoja, hatuli pamoja, wala hatutazamani usoni. Yeye akiwa uani, mimi sina ua. Na yuko uani tangu asubuhi, kwenye kigoda, chini ya mti wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tini haziishi. Ulisema mara mbili kwa mwaka, lakini kwa joto hili mti wenyewe haujui mwaka umeanzia wapi. Za chini zikiisha, za juu zinaiva. Za juu zikiisha, chini kumeshatunga nyingine. Na mama mkwe ni mtu wa kutimiza ahadi.

2. Majani. Nilitegemea yatakuwa pazia. Majani ya Mturuki yamechanika kama vidole, unaona mpaka upande wa pili. Jumanne moja nilifungua mlango wa nyuma tukaonana ana kwa ana. Yeye alijifunika khanga kichwani, mimi niligeuka kwa kasi nikaingia kwenye kamba ya nguo na kuanguka na mashuka yote ya Wilhelmina. Ule wa kijani ungetusitiri wote wawili. Tangu siku hiyo nakohoa kwanza kabla ya kutoka, ili mama ajiandae. Nimekohoa mpaka nimepelekwa kupimwa kifua kikuu. Sina.

3. Choo changu kiko nyuma ya mti huo. Kwa hiyo natoka mlango wa mbele, nazunguka kupitia kwa jirani yangu Obedi, naingilia upande wa pili wa ukuta. Huwezi kupita kwa mtu bila kusalimia, ukisalimia unakaribishwa chai, na chai ndiyo inayokurudisha chooni. Napita kwa Obedi mara sita kwa siku.

4. Kwa sababu ya namba tatu, mjumbe alipopita kuandikisha kaya alinikuta kwa Obedi nimeshika kikombe, akaniandika mpangaji. Alipofika kwangu aliuliza kama kuna mwanamume, Wilhelmina akajibu yupo ila haonekani. Basi mkuu wa kaya ameandikwa Bibi Evelina. Taarifa za vikao vya mtaa sasa zinakuja kwa jina lake, na nasikia anachangia hoja vizuri.

5. Usiseme sikujitahidi. Niliupogoa mti ukabaki kama mtu mwenye upara, ukachipua matawi mapya, ndipo niliposoma kwenye karatasi yako ya maelekezo kwamba tini hutoka kwenye matawi mapya. Nikaunyima maji, mvua ikanyesha wiki nzima kutoka ziwani. Nikawategemea ndege wazimalize tini. Mama mkwe akaagiza kupitia kwa binti yake kwamba mti unahitaji wavu wa dagaa wa kuwazuia. Nilikwenda soko la samaki la Mwaloni kuutafuta mwenyewe, maana mkwe haambiwi hapana, nikaufunga alfajiri kabla hajaamka. Nimeufunga vizuri sana.

Dada, nina miaka sitini na miwili. Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu, na ua wake nauona kwa tundu la ufunguo. Inauma. Nasema wazi kwamba inauma.

Kwa hiyo naomba uje uung'oe Mturuki, uniletee ule wa kijani ukiwa mkubwa na majani yake tayari. Ikishindikana, uniandikie barua yenye muhuri wa kitalu kwamba msimu wa tini Nyakato umefungwa rasmi, nayo isomwe uani na mtu mwenye sauti. Na hilo likishindikana, uthibitishe kitaalamu kwamba mama mkwe aliyekula tini za mkwewe miezi saba mfululizo anahesabiwa kuwa mama mzazi, ili nimwamkie shikamoo uso kwa uso, nipite zangu chooni.

Wasalimie wote hapo kitaluni, mumeo, na wanaomwagilia miche. Wilhelmina anakusalimu. Obedi na watu wake nao wanakusalimu. Wameisoma barua hii na kusahihisha mahali pawili.

Ni mimi mteja wako, ambaye heshima kwako bado ninayo,

Yakobo Luhende
(kwa sasa napatikana kwa Obedi)

Nyongeza: Sijafunga bahasha, na Bibi Evelina ameondoka leo asubuhi. Amesema ana mahindi ya kuvuna. Tumeagana kupitia kwa Wilhelmina, kila mtu upande wake wa ukuta. Nimetoka kwa mlango wa nyuma, nimekwenda chooni moja kwa moja, nimekaa chini ya mti wangu, nimekula tini nne. Hazina ladha. Wilhelmina yuko jikoni. Ndiyo kwanza ananiambia kwamba ile sahani ya tini zilizoiva vizuri, niliyokuwa naikuta kila jioni kwenye dirisha la chumba changu, haikuwa ikiwekwa na yeye. Dada, mti usiung'oe. Ukienda gulioni Misungwi na miche yako, pita kwa mama. Mwambie tini bado hazijaisha, na kwamba mkwe wake amesafiri, haijulikani atarudi lini.