KAUKA na Suala la Viazi

"Waumini wote, wageni wa kiangazi na mbwa wao wanatangaziwa kwamba kuanzia leo furaha yote ndani ya eneo la kanisa itafanyika kwa utaratibu."

Ndivyo lilivyoanza tangazo lililobandikwa mlangoni mwa kanisa la Mtakatifu Barnaba, Quill Harbor, pwani ya Maine, Jumapili ya mwisho ya Juni. Saa moja kabla yake Kasisi Philippa alikuwa amefunga mtumbwi wake juu ya gari na kuondoka kwa likizo ndefu, ya kwanza katika miaka saba, akimwachia funguo mzee mkuu wa kanisa, Bwana Thaddeus Wadleigh. Alimwambia neno moja tu: "Thaddeus, usijisumbue."

Bwana Wadleigh alilielewa neno hilo kama maelekezo ya jumla yanayohitaji kanuni za utekelezaji.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Arobaini kati ya hiyo aliitumikia serikali ya jimbo kule Augusta, idara ya alama za barabarani, akapanda hadi naibu mkurugenzi. Kisha alistaafu, akarudi kijijini alikozaliwa, na majira mawili ya baridi baadaye mkewe Constance akafariki. Tangu hapo nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliweza kulisikia jokofu likiwaza. Mtu aliyezoea kutia saini mara sitini kwa siku hawezi kukaa tu barazani akitazama bahari. Bahari haina mahali pa kutia saini.

Basi akaunda Kamati ya Uratibu wa Karamu, kwa kifupi KAUKA. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu alikuwa Marcella Pomeroy, karani wa kanisa, mwanamke mwembamba aliyechapa kila alichoambiwa bila kukunja uso. Mjumbe wa tatu alikuwa bado anatafutwa, kwa kuwa hakuna aliyefikia vigezo. Hivyo maamuzi yote yalipita kwa kauli moja, jambo lililomtia moyo sana mwenyekiti.

Kazi ya kwanza ilikuwa ibada ya kubariki mashua, mwezi wa Julai. Miaka yote wavuvi wa kambakochi walikuja gatini kiholela, kasisi akawanyunyizia maji, wakaenda zao. Safari hii KAUKA iliagiza mashua zipangwe kwa urefu, fupi mbele ndefu nyuma, na mwenyekiti akazipima mwenyewe kwa futikamba. Kisha akasimama gatini na kipaza sauti kusoma utaratibu, sehemu ya kwanza hadi ya sita.

"Bwana Wadleigh," aliita Royce Beal, mvuvi mwenye mabega kama mlango wa ghala, "maji yanapwa."

"Maji yatasubiri, Royce. Tuko sehemu ya pili."

"Hayajui kusoma hayo, bwana!"

Walipofika sehemu ya nne mashua kumi na moja zilikuwa zimekaa kwenye matope, zimeinama upande kama walevi waliokosa ukuta. Kasisi mgeni wa zamu, mzee mpole asiyetaka ugomvi na mtu, alizibariki hivyohivyo. Wavuvi wakakaa saa sita wakisubiri maji yarudi, huku wakizungumza mambo ambayo kasisi alijifanya hayasikii.

Marcella aliandika taarifa kama alivyoamriwa: "Mashua zote zilibarikiwa zikiwa zimetulia."

Sasa likaja jambo lenyewe hasa. Jumapili ya pili ya Agosti Askofu Ruthanne Ostrander angezuru Mtakatifu Barnaba, na baada ya ibada kungekuwa na karamu ya uwanjani, ile ambayo kila mtu huja na chakula chake. Bwana Wadleigh alikuwa ameifanyia karamu ya mwaka jana uchunguzi. Iligundulika kwamba kati ya vyombo ishirini na tisa vilivyowekwa mezani, kumi na saba vilikuwa saladi ya viazi.

"Kumi na saba, Marcella! Hiyo si karamu, hilo ni shamba."

"Ziliisha zote, bwana."

"Kuisha si kigezo."

Ikatoka Fomu Namba Saba. Namba moja hadi sita hazikuwepo, ila mwenyekiti hakutaka watu wadhani kazi ndiyo kwanza inaanza. Fomu iligawa chakula kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, ili pasiwe na upendeleo. A hadi C, bidhaa za karatasi. D hadi H, nyama na kambakochi. I hadi N, mboga. O hadi S, mikate. T hadi Z, vitu vitamu. Saladi ya viazi ingekuwa bakuli moja, na kwa sababu ya unyeti wake ingepikwa na kamati yenyewe. Ilikatazwa kabisa kuleta kitu ambacho mtu hakupangiwa.

Marcella aliisoma fomu mara mbili. "Bwana Wadleigh, umeitazama orodha ya waumini? Huku mwanzoni mwa alfabeti kuna watu."

"Kila herufi ina watu, Marcella. Chapa."

Marcella akachapa.

Kesho yake alikuja ofisini Bi Lovina Beal, mke wa ami yake Royce. Alikuwa na miaka themanini na sita, mjane wa mvuvi. Alikuwa ameleta saladi ya viazi kwenye karamu hiyo kwa miaka hamsini na miwili, bila kuruka hata mwaka aliomzika mumewe. Alitembea na fimbo, na fomu aliikunja mkononi kama mtu aliyekamata nzi.

"Thadi," alisema, maana alimfundisha Bwana Wadleigh shule ya Jumapili na hakuona sababu ya kumbadilishia jina, "soma hapa. Macho yangu yamenidanganya. Wanasema nilete tishu."

"Ni mgao, Bi Lovina. Wewe ni B."

"Mimi ni B tangu niolewe na hakuna aliyewahi kunilisha karatasi."

"Si wewe peke yako. Ni mfumo."

"Mwanangu, nilikufundisha Amri Kumi ukiwa huna meno ya mbele. Ya viazi ilikuwa ya ngapi?"

Marcella alikohoa ndani ya kiganja. Bwana Wadleigh alieleza habari ya uwiano wa lishe, matarajio ya Mama Askofu, na hatari ya kumfungulia mmoja mlango kisha wote wakaingia. Bi Lovina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaikunja fomu mara nyingine, ndogo zaidi.

"Haya," akasema. "Tishu nitaleta."

Akaondoka polepole. Bwana Wadleigh alimtazama dirishani mpaka alipofika barabarani. Kisha akarudi mezani. Kwenye taarifa ya wiki iliandikwa: "Wadau wameupokea mgao kwa utulivu."

Jumamosi kabla ya karamu alifunga aproni ya marehemu mkewe akaingia jikoni. Hakuwa amechemsha kiazi tangu azaliwe. Alifungua kila droo akitafuta karatasi ya mapishi ya Constance, akakuta kadi ya keki, kadi ya supu ya chaza, na mkanda wa kufungia mifuko. Ya viazi haikuwepo. Basi akakadiria. Maji yalipochemka alitoa viazi, kwa kuwa alidhani kuchemka kwa maji ndiko kuiva kwa kilichomo. Akavikata vipande vya upande wa inchi moja, vilivyolingana barabara, akamwagia mayonezi. Kwa kutazama vilipendeza.

Jumapili ilikuja na jua safi. Askofu Ruthanne alifika saa tatu akiendesha gari mwenyewe, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha karibu na sauti iliyofika mbali, akahubiri vizuri, akawapaka mafuta vijana wanne. Kisha akasimama ngazini akisugua mikono.

"Sijala tangu jana jioni," alitangaza. "Nimeambiwa huku ndiko kwenye karamu."

"Kwa utaratibu kabisa, Mama Askofu," alisema Bwana Wadleigh, akamwongoza uwanjani.

Uwanja ulikuwa umepangwa kwa vigingi na kamba, meza tano, kila meza na kibao chake cha herufi, kijani na nyeupe, maandishi ya kuonekana kwa mbali. Meza ya A hadi C ilikuwa imejaa mpaka inabonyea. Watu walipanga foleni wakaweka tishu. Kulikuwa na tishu zenye maua, zenye majogoo, zilizobaki tangu Krismasi, na mabunda ya dukani yenye nailoni yake. Bi Lovina aliweka pakiti moja, akainyoosha pembe, akaenda kukaa. Nyuma yake alikuja Royce Beal, na mke wa Royce, na ndugu zake Royce watatu. Wakaja akina Alley. Wakaja akina Carver. Wakaja akina Beal wengine wa ng'ambo ya daraja, ambao hawaelewani na akina Beal wa huku, lakini ni B vilevile.

Hapo ndipo Bwana Wadleigh alipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Quill Harbor hulijua kabla ya kujua kufunga viatu: karibu kijiji kizima ni koo nne, na zote zinaanzia A hadi C. Wenye herufi nyingine, ukimtoa yeye na Marcella, walikuwa wageni wa kiangazi, na hao Jumapili ile walikuwa kwenye mashindano ya mashua za tanga.

Meza ya nyama ilikuwa tupu. Ya mboga, tupu. Kwenye meza ya mikate palikuwa na mkate mmoja, wa Marcella Pomeroy. Kwenye ya mwisho palikuwa na bakuli la kamati.

Askofu alizitazama meza zote tano.

"Bwana wetu alikuwa na mikate mitano na samaki wawili," akasema. "Ninyi mna mmoja na tishu."

 Watu walikuwa wanamngoja aonje. Askofu akachota saladi ya viazi, akatia kijiko mdomoni, akatafuna. Sauti ilisikika mpaka kwenye meza ya tishu, kama mtu anayekanyaga kokoto. Akatafuna tena. Akameza kwa imani.

"Ina msimamo," akasema. Kisha akawageukia watu. "Nani ana chakula nyumbani?"

Mikono ilipanda yote. Wengine walinyoosha miwili.

"Mbona hamkuleta?"

"Hatukupangiwa, Mama Askofu," alisema Royce. "Nina kambakochi sitini kwenye kreti pale chini. Lakini mimi ni B."

"Mlipatana hivi?" Bwana Wadleigh alimuuliza Bi Lovina kwa sauti ndogo.

"Tupatane nini, Thadi? Kila mtu anajua kusoma."

Bwana Wadleigh alitazama vigingi, akatazama vibao alivyopaka rangi kwa siku tatu, akawatazama watu waliosimama kimya na njaa yao kwa sababu yeye alisema hivyo. Akavua kofia.

"Nimekosea," akasema.

Katika miaka arobaini ya utumishi hakuwahi kutoa tamko lisilo na kiambatisho. Watu walisubiri kiambatisho. Hakikuja.

"Basi waache wakalete," alisema Askofu.

Marcella akainua mkono, uso umekauka kama kawaida. "Samahani, Mama Askofu. Mgao unabadilishwa na kamati tu, na wajumbe wakiwa watatu. Kifungu cha tisa. Na wa tatu hatuna."

"Nani anafaa?"

"Mtu mwenye uzoefu wa karamu usiopungua miaka hamsini," alisema Marcella, "kwa maoni ya katibu."

Wote wakamgeukia Bi Lovina. Hakusimama. Alipokea kura mbili akiwa ameketi, moja ya Marcella na moja ya Bwana Wadleigh, ambaye mkono wake ulipanda kabla hajauamuru. Kikao cha kwanza cha KAUKA iliyotimia kilichukua muda wa kupiga chafya. Bi Lovina alisema, "Nendeni mkalete mlichopika," na hoja ikapita.

Baada ya dakika arobaini uwanja ulikuwa haupitiki kwa magari ya mizigo. Sufuria la Royce lilichemka, mahindi yakaja, keki za matunda pori zikaja, na saladi za viazi zikaja kumi na tisa, maana ilionekana hakuna aliyeacha kupika, walisubiri tu. Askofu alikula kambakochi watatu bila kuvua joho. Tishu, lazima isemwe, zilitosha.

Bwana Wadleigh alionja saladi moja baada ya nyingine mpaka akafika bakuli la Bi Lovina. Hapo alisimama na kijiko mdomoni, hakukitoa.

"Hii ni ya Constance," akasema.

"Ya Constance wapi! Unadhani nani alimfundisha?" Bi Lovina alimsogezea bakuli. "Kiazi kinachomwa kisu katikati, mwanangu. Kisu kikiteleza, kimeiva. Kula, acha kunitazama."

Akala. Alipomaliza, Bi Lovina akamwambia jua limewafikia wazee upande ule, awahamishie viti na asisimame kama nguzo.

Kasisi Philippa alirudi Septemba, ngozi imeiva kwa jua, akakuta Jumamosi asubuhi watu wako uwanjani wanaandaa karamu ya mavuno. Bi Lovina alikuwa kivulini na fimbo yake, akielekeza. Marcella alikuwa haandiki kitu. Vigingi havikuwepo. Kutoka stoo, akitembea haraka na jasho likimtoka, alikuja mzee mkuu wa kanisa.

"Thaddeus! Nasikia kamati imepata mjumbe mpya. Na wewe sasa ni nani humo?"

"Mwenyekiti," alisema Bwana Wadleigh, viti viwili vya kukunja kwapa la kulia, viwili kwapa la kushoto, na hakusimama.