Injini Yangu Haichakai

Jumatatu, 8 Aprili 1968, Mahajanga, Madagaska

Fundi mkuu Soudjay katuita uwanjani, mimi na Anli, wahudumu wa ndege. Kasema kinachozimaliza injini hizi mpya za turbini si kuruka, ni kuwashwa na kuzimwa. Ukiwasha, moto wa ghafla. Ukizima, zinapoa. Chuma kinachoka. Atakayepunguza kuwasha ndiye atakuwa mkuu wa kituo kisiwani Nosy Be. Anli kauliza maswali chungu nzima. Mimi hata moja. Akili ninayo!

Jumanne, 9 Aprili

Anli kashauri abiria wahimizwe kuwahi, ndege isiwashwe halafu izimwe kumngoja mtu. Wazo la kitoto! Langu: tukitua Nosy Be, injini ya kulia isizimwe kabisa. Watu washuke kushoto, wengine wapande, twende zetu. Soudjay kakuna kichwa, kakubali, ila kaonya mbele ya injini pasiwe na kitu, maana inavuta chochote. Ananifundisha mimi?

Jumatano, 10 Aprili

Tumetua Nosy Be, tumeondoka, injini haikuzimwa! Nimemtazama Anli mpaka kaona haya. Cheo ni changu.

Alhamisi, 11 Aprili

Tumemleta Nosy Be shangazi yangu Koulsoum, karudi kutoka kuhiji. Ukoo mzima uwanjani! Kaswida, matari, mabeseni ya mchele na sarafu za kummwagia haji, kama ilivyo desturi yetu. Rubani kafoka: wamalize upesi au azime. Azime? Injini yangu? Thubutu! Nikamvuta shangazi na ukoo wote mbele ya injini ya kulia, penye nafasi, nikawaamuru warushe kwa mkupuo mmoja. Nikaanza mimi, viganja viwili vimejaa. Vigelegele!

Mchele haukumfikia shangazi. Sarafu wala. Injini ikavimeza vyote, ikakohoa, ikalipuka paa! Ikazimika. Shangazi kauliza mbele za watu kama hiyo ndiyo heshima ya haji. Nimeumia, sikatai.

Jumapili, 14 Aprili, Mahajanga

Anli kapewa Nosy Be. Mimi nimepewa ufagio. Injini imelazwa karakana, haitengenezeki.

Masikini Anli! Injini zake zitawashwa leo, zitawashwa kesho, zitachakaa zote. Yangu haijawashwa tangu Alhamisi! Nani kanifikia? Nimemwendea Soudjay kudai cheo changu. Kainua spana, akanijia mbio. Furaha hiyo.